Sumaku chini ya sahani ya mizani

Fremu ninayouzia mchele hapa Mbeya niliipokea kwa ndugu yangu aliyekuwa anahama mji. Aliniachia magunia sita, deni dogo, na mizani ya sahani mbili pamoja na mawe yake. Siku ya kunikabidhi akainua sahani ya upande wa bidhaa, akanionyesha kipande cha sumaku kilichoganda kwa chini. "Hii usiitoe. Ukiitoa utafunga duka," akasema.

Ilikuwa na uzito wa gramu 50. Mteja wa kilo moja alikuwa anaondoka na gramu 950. Kwa kuwa sumaku huiba mara moja tu kila unapopima, hata mtu wa kilo tano nilimpimia kilo moja moja. Na ili sahani isionekane imelala kabla sijamimina kitu, kopo la kuchotea lilikaa juu yake muda wote nilipokuwa sipimi. Nayaeleza haya kwa urefu ili ieleweke kwamba nilijua ninachofanya. Maofisa wa Wakala wa Vipimo walipopita kuhakiki mizani na kubandika stika, sumaku ilikuwa mfukoni mwangu.

Mimi ni Mlutheri, nimelelewa usharikani, na kwaya naimba hadi leo. Kila asubuhi kabla ya kufungua nilisali Baba Yetu nikiwa nimesimama palepale nyuma ya meza. Nikifika kwenye "usitutie majaribuni" sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Gramu 50 ni konzi moja ya mchele, hata kuku hashibi. Ndivyo nilivyojiambia kwa karibu miaka miwili.

Aliyenitikisa ni bibi mmoja muuza vitumbua. Alikuwa amehamia mtaani kwetu, akawa ananunua kwangu kilo mbili kila jioni aloweke usiku. Siku moja alikaa kwenye benchi kupumzisha miguu, akaanza kunisimulia kama mtu anayeeleza ugonjwa wake. Alikokuwa anakaa zamani kilo mbili zilimpa vitumbua tisini. Siku hizi anapata themanini na tano, akijitahidi themanini na sita. "Nadhani mkono wangu umezeeka, mwanangu. Siku hizi nachota unga mwingi bila kujijua." Akaomba nimwombee macho yake.

Nilimwitikia, "Sawa, bibi." Akaondoka na kilo zake mbili pungufu.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Nilikuwa napima kama mara 80 kwa siku. Hizo ni kilo nne. Kwa bei ya wakati ule ya shilingi 2,600, zinakuwa shilingi 10,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 270,400. Kodi ya fremu na ada ya mtoto vilikuwa vinatoka humo. Faida niliyokuwa namshukuru Mungu kwayo kila mwisho wa mwezi, sehemu kubwa ilikuwa vitumbua vya yule bibi na vya watu kama yeye. Na mzigo wa mikono yangu alikuwa ameubeba yeye, akadhani ni uzee.

Asubuhi niliibandua sumaku, nikaiweka kwenye droo. Hapo ndipo nilipokosea. Nilisali, nikafunga siku tatu, nikaamini imekwisha. Januari ikaingia na ada zake, nikairudisha. Nikaitoa Februari baada ya ibada ya Jumatano ya Majivu, nikairudisha kabla ya Pasaka. Mara ya tatu niliirudisha bila hata sababu, soko lilikuwa limepoa tu. Kila mara nilikuwa nimeomba kwa machozi ya kweli kabisa, na kila mara droo ilikuwa hatua moja kutoka kwenye mkono wangu.

Mwishowe nikaenda kwa mama mmoja mzee wa kanisa, mwenye kibanda cha dagaa, kwa maana nilitaka mtu anayeijua biashara. Nilimwambia yote. Hakushtuka. Alinisomea 1 Wakorintho 10:13, pale Paulo anaposema Mungu, "pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea." Kisha akaniuliza, "Mlango wako uko wapi, mama?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Wewe unamwomba Bwana akufungulie, na ufunguo umeufungia kwenye droo pamoja na hiyo sumaku."

Akanikumbusha pia jambo tulilofundishwa kwenye kipaimara nami nikaliacha hukohuko. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anapoieleza amri ya saba anasema kuiba hakuishii kwenye kumwaga sanduku la jirani. Kuiba kupo sokoni, dukani, na popote watu wanapobadilishana fedha kwa bidhaa au kwa kazi. Nilikuwa nimeikariri "Usiibe" nikiwafikiria vibaka wa stendi.

Sumaku nilimkabidhi yeye. Alichoifanyia sijauliza. Mizani nayo niliiuza kwa fundi wa vyuma, kama chuma chakavu, isije ikaangukia mikononi mwa mwingine kama ilivyoangukia kwangu. Nikakopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua mizani ya dijitali inayoonyesha namba pande zote mbili. Nikaiweka pembeni kabisa mwa meza, namba zikimtazama mteja. Asubuhi naweka pakiti ya chumvi ya kilo moja juu yake mbele ya yeyote aliyepo, ndipo nasali. Bei nilipandisha kwa shilingi 100 kwa kilo. Haikuziba pengo lote, na kuna wateja walihamia fremu za jirani. Miezi minne ya mwanzo ilikuwa migumu mno, na tulikula ugali na mchicha kuliko tulivyozoea.

Kishawishi chenyewe kimebadilisha sura tu. Nikienda kununua mpunga Igurusi, bado nakuta gunia lililojazwa lumbesa hadi linashonewa kwa kamba juu, na mkulima mwenye shida ya fedha yuko tayari kulitoa kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Pale kinachonisaidia ni kwamba siendi tena peke yangu. Naenda na mwenzangu wa kwaya ambaye anayajua yangu yote, na tukikaribia tunaambiana kwa sauti kwamba tutapima kwa kilo.

Waliobaki ni wale niliowapunja. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini wengi wangu hata majina yao siyajui. Kwa hao nimeshika Luka 6:38, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Mizani ikisoma kilo kamili, naongeza konzi moja. Ile ile niliyokuwa nasema hata kuku hashibi.

Kwa bibi nilikwenda mwenyewe jioni, na kilo ishirini kichwani. Nilimpa shikamoo, nikapiga magoti, nikamwambia mkono wake hauna kosa lolote. Alininyamazia muda mrefu huku akipepeta mchele. Kisha akasema, "Basi nimesikia." Hakusema amenisamehe, wala sikumdai.

Alikaa wiki mbili bila kuja, halafu akaja. Zamani hakuwahi kuitupia jicho mizani. Alikuwa akipiga soga mpaka nimalize. Sasa anavaa miwani yake, anainama, anasoma namba polepole. Namsubiri amalize kusoma, ndipo naongeza konzi na kummiminia kwenye kikapu chake.