Shindano la udongo Morogoro: shimo lilivyonitoa jasho

Katika shindano hili wanafunzi husoma matabaka ya udongo kwenye ukuta wa shimo na kupewa alama. Wajuzi waliniambia nichimbe shimo siku tatu kabla ya shindano, kisha niwapeleke wanafunzi wakatazame matabaka. Mwezi wa nne, Morogoro! Mvua ya usiku mmoja ililigeuza shimo bwawa, ukuta ukapakwa tope jekundu juu hadi chini. Wanafunzi wakaandika "tabaka moja", na kwa walichokiona, walikuwa sahihi.

Safari ya pili nilingoja Julai. Shimo la mita moja kwa moja na nusu, kina mita moja na ushee, ngazi upande mmoja. Kuzidi hapo kuta zinaweza kuporomoka. Wachimbaji walichukua kama elfu thelathini na soda zao. Ukuta wa kusomea niliuelekeza kaskazini-mashariki, maana jua la saa nne mwezi huo liko huko. Udongo tulitupa pembeni, wala mtu hakukanyaga juu ya ukuta ule.

Utamu wenyewe uko kwenye kisu. Jembe hulainisha ukuta wa udongo wa mfinyanzi hadi unang'aa, matabaka yakapotea. Basi unadokoa vibonge kwa ncha, ukianzia juu kushuka. Ukianzia chini, vumbi la juu linafukia kazi yako. Nikaacha ukanda wa sentimita 30 uliozungushiwa kamba, marufuku kuguswa, na vina vyote vikapimwa hapo. Bila hivyo, kundi la tano linakuta ukuta umeshaliwa na vipimo havilingani na vya kundi la kwanza. Ugomvi wa pointi hauishi.

Kwenye kubinya utepe, yaani kubana udongo uliolowa uwe ukanda ili kujua aina yake, udongo mwekundu wa mlimani uliwadanganya wengi. Mfinyanzi wake umeshikana kwa chuma kuwa punje ngumu, kidole kinasema mchanga. Kanda dakika mbili tatu, ongeza maji kidogo kidogo mpaka uwe kama donge la chapati, ndipo ubinye kwa gumba. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu au wa kichanga zaidi. Ukivuka 5 ni mfinyanzi. Waliokanda nusu dakika walipoteza alama zote za kipengele hicho, na mimi mwamuzi nilikuwa karibu kuwafuata.

Kupima joto la hewa mlimani nako kuna mtego. Kwa kawaida hupungua nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1000, ila ukipanda Morningside, juu kwenye milima ya Uluguru, na kipimajoto kimoja, jua nalo linapanda na wewe, tofauti inamezwa. Chukua viwili, vilinganishe kwanza kwenye ndoo moja ya maji, kimoja kibaki mjini, visomwe kivulini dakika ileile mkiambiana kwa simu.

Kufukia: udongo wa chini kwanza, wa juu mwisho. Nilipogeuza mpangilio mwaka wa kwanza, mahindi ya mwenye shamba yalidumaa hapo, duara la njano lililoonekana toka barabarani.