Kuhamisha nukta kwa vekta: alama za hasi ndizo zinazoponza

Vekta (−5, 3) haikuambii nukta iko wapi. Inakuambia safari: hatua tano kushoto, tatu juu. Nukta (−5, 3) ni mahali. Zikiandikwa kwa mlalo zinafanana kabisa, ndiyo maana ni afadhali vekta iandikwe kwa wima, namba ya x juu na ya y chini, ili jicho lisichanganye.

Kuhamisha ni kujumlisha tu, x kwa x na y kwa y. Chukua pembetatu yenye kona A(1, 2), B(4, 2) na C(1, 6). Kwa vekta (−5, 3), taswira zake, yaani mahali kona zinapofikia baada ya kuhama, ni A′(−4, 5), B′(−1, 5) na C′(−4, 9). Usiunganishe kona kwanza, pima. Upande AB una urefu wa 3, AC 4, BC 5, na taswira lazima itoe 3, 4, 5 vilevile. Ikitoka tofauti, kuna kona umeikosea, kwa sababu uhamisho haunyooshi umbo, hauligeuzi wala haulizungushi.

Ukihesabu kwenye karatasi ya grafu, hesabu hatua, si mistari. Kutoka 1 hadi −4 ni hatua tano. Anayeanza kwa kusema "moja" akiwa bado amesimama kwenye 1 atapata sita, na umbo zima litasogea mahali pasipo pake. Tazama pia skeli: kama mhimili wa y umepigwa kwa mbilimbili, mraba mmoja juu ni hatua mbili.

Ukipewa nukta na taswira yake utafute vekta, taswira hutangulia: taswira kutoa nukta ya mwanzo. P(3, −2) ikienda P′(−1, 4), x ni −1 − 3 = −4, na y ni 4 − (−2) = 6. Wengi huandika 2 hapo, kwa kuimeza hasi moja. Jihakikishie kwa kurudi: −2 + 6 = 4. Ukigeuza mpangilio utapata (4, −6), ambayo ni vekta ya kurudi nyumbani, si ya kwenda.

Mstari ndio unaowatatiza hata wazoefu. Hamisha y = 2x + 1 kwa vekta (3, 2). Nukta mpya ina x iliyozidi kwa 3, kwa hiyo ili kuipata x ya zamani inabidi utoe 3. Y nayo utatoa 2. Hapo ndipo kutoa kunapoingia ingawa vekta ni chanya: y − 2 = 2(x − 3) + 1, yaani y = 2x − 3. Mwinamo, yaani namba inayozidishwa na x, umebaki 2, kama inavyopasa. Jaribu kwa nukta moja: (0, 1) inahamia (3, 3), na 2 × 3 − 3 ni 3.