Hasira ya zabibu na safu nne ubaoni

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, katika kijiji kimoja cha njia ya Iringa, kusini mwa jiji la Dodoma. Chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kilituomba, mimi na mwenzangu, tusaidie wanachama na bodi wazungumze. Mnunuzi alikuwa amechukua zabibu kwa mkopo, fedha hazikuonekana, na mkutano uliotangulia ulivunjika kijana mmoja alipomkunja katibu shati.

Anayeiita hasira ile utovu wa nidhamu hajui shamba la zabibu. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya kupogolea na kuvuna hupita takribani miezi minne. Asiyelipwa mavuno ya kwanza hana cha kuwapa vibarua wa kupogolea, kwa hiyo na mavuno ya pili yanamponyoka. Mwenye mtama hufunga ghala akangojea bei. Zabibu ikiiva haimngoji mtu.

Kazi ilianza siku moja kabla ya mkutano. Mwenzangu alikaa na bodi, mimi nikakaa na wanachama, kisha tukabadilishana. Maswali yalikuwa yale yale: nini kilitokea, kimekugusaje, unahitaji nini. Makali mengi huishia hapo, kabla mtu hajakutana na anayemlenga. Hapo pia ndipo bodi iliposema kilichokuwa kimefichwa: walikwenda mjini kudai, wakawekwa getini hadi jioni, wakarudi mikono mitupu na wakaona aibu kusema. Ukimya huo wanachama waliusoma kuwa ni wizi.

Tulikutana katika darasa la shule ya msingi, viti vikiwa duara. Meza kuu tuliitoa nje, kwa sababu anayekaa nyuma yake huonekana ama hakimu ama mshtakiwa. Walianza kusema vijana na akina mama. Mzee akishatamka, kumpinga ni kukosa adabu. Wazee walikubali kwa kuwa tuliwaomba jioni iliyotangulia, faraghani. Tungewashtukiza mbele za watu wangekataa, na wangekuwa na haki.

Ubaoni tulichora safu nne za Mmarekani Marshall Rosenberg (1934–2015), mwasisi wa njia ya mawasiliano yasiyo ya ukatili: kilichoonekana, hisia, hitaji, ombi. Sentensi ya kwanza kutolewa ilikuwa "Bodi wametula." Haikuwa na safu ya kuingia. Tukamuuliza msemaji: ungepiga picha kwa simu, ingeonyesha nini? Ikawa: "Kreti zilipimwa, risiti tukapewa, tukaahidiwa siku 14, na hii ni wiki ya saba." Hakuna mjumbe wa bodi aliyeweza kuipinga hiyo.

Safu ya pili ndiyo iliyotula muda. "Nahisi tumedharauliwa" tuliirudisha mara kadhaa, maana ni hukumu iliyovaa nguo za hisia: inamtaja mwingine, naye lazima ajitetee. Mpaka mama mmoja akasema, "Mzee mwenyekiti, mimi naogopa. Nikikosa vibarua mwezi huu, mwaka huu sina shamba." Kelele zikapungua. Katibu naye akaeleza habari ya getini.

Kanuni ilikuwa dakika tatu za kusema, na kabla ya kujibu unarudia ulichosikia mpaka mwenzako akubali kwamba ndicho. Ni zoezi linalochosha, na watu walicheka sana, jambo ambalo halikutusumbua. Linaloharibu ni jibu kupenyezwa ndani ya marudio: "Umesema unaogopa, lakini..." Kila "lakini" tuliikata.

Ombi nalo lina masharti: liwe linatendeka, liwe na tarehe, na anayeombwa awe na nafasi ya kukataa, la sivyo ni amri. "Bodi iwe wazi" ikafutwa. Badala yake ikaandikwa kwamba katibu abandike taarifa ya madai kila Ijumaa kwenye ubao wa matangazo. Mnunuzi akaandikiwa barua ya aya tatu: kilo zilizopokelewa na tarehe zake, kupogolea kunakokwama, ombi la kulipwa nusu ndani ya wiki mbili. Mzee mmoja alishikilia neno "matapeli" libaki. Tulibishana naye karibu nusu saa, akakubali liondoke kwa sharti kwamba yeye awe kwenye msafara wa kumpelekea mnunuzi barua hiyo mjini. Kijana aliyemkunja katibu naye akateuliwa, na mimi naona huo ndio uliokuwa uamuzi bora wa siku ile, kwani taarifa ya kutoka mjini ingeletwa na mtu ambaye wenye hasira wangemwamini.

Mnunuzi alilipa kwa awamu mbili, ya pili ikachelewa hadi wakati wa kupogolea umepita. Baadhi walikuwa wamekwisha kukopa kwa riba, na suala la nani aibebe riba hiyo likawekwa ajenda ya kwanza ya mkutano uliofuata, afisa ushirika wa wilaya akialikwa.