Siku moja mtaani kwetu Ngamiani, Tanga: wazee wanaoishi kwao

Saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya chai nafungua simu kusoma kundi la mtaa. Mama anayekaanga vitumbua pale kona keshaandika: "Bibi mlango wazi, yuko mzima." Kila mzee anayeishi peke yake hapa kwetu ana jirani anayepita mlangoni kwake kabla ya saa 1. Mlango ukiwa wazi, taarifa inaingia kwenye kundi. Ukiwa umefungwa, anabisha hodi, asipoitikiwa, ananipigia. Ufunguo wa akiba unakaa kwa mtu ambaye mzee mwenyewe kamchagua, na hilo hatuliamui sisi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Tanga ni tambarare, kwa hiyo natembelea watu wangu kwa baiskeli.

Saa 2. Naanza kwa bibi mwenye sukari. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za nyumbani, ndipo kazi inaanza. Ananyoosha miguu juu ya kanga, nami naikagua taratibu: kisigino, unyayo, halafu katikati ya vidole, kimoja kimoja. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huweza kuua hisia za miguu. Mtu anakanyaga msumari asisikie chochote, na akija kushtuka kidonda kimeshaoza. Leo pako safi. Macho yake nayo yamefifia, kwa hiyo dawa tumezitofautisha kwa mipira ya kufungia noti: kopo la presha lina mmoja, la sukari lina miwili. Anapapasa, anajua, anakunywa.

Wanawe wako Dar na Muscat, na hela wanatuma. Wakisikia yuko peke yake, watu husema ametelekezwa. Si kweli, na maneno hayo yanamuumiza. Sera ya Taifa ya Wazee inaitanguliza familia katika matunzo, nami nakubaliana nayo kabisa. Ila hela ya simu haiwezi kukagua vidole vya miguu. Anahitajika mtu wa karibu, na wa karibu ni jirani. Walitaka wamchukue Dar, akawajibu, "Nikae ghorofani nimjue nani?" Hapa anamjua kila apitaye.

Saa 4. Namsindikiza babu mmoja kliniki, hospitali ya Bombo. Kijana wa bajaji ni mwenzetu katika kikundi chetu cha mtaa cha kusaidiana, tunamlipa kutoka kwenye mfuko wa michango mwisho wa mwezi. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure, lakini kitambulisho kisahaulike nyumbani uone usumbufu wake. Siku hizi naulizia kitambulisho kabla ya kuulizia hali.

Saa 6 mchana. Hapa ndipo leo nimekaa sana. Mwalimu mstaafu wa barabara ya pili alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, anatumia kitimwendo. Kutoka barazani kwake hadi chini ni sentimita 15. Kila Ijumaa wanaume wanne wanamnyanyua kumshusha aende msikitini. Wanafanya kwa mapenzi, lakini yeye aliniambia, "Nabebwa kama gunia, mwanangu."

Fundi amekuja kupima mteremko wa kushushia kitimwendo. Alitaka uwe wa futi tatu, kubana saruji. Nikamwambia kipimo salama ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo, kumi na mbili za urefu. Mwalimu akadakia, "Kumi na tano mara kumi na mbili?" Fundi, ambaye kumbe alisomeshwa naye, akasimama wima: "Mia moja na themanini, mwalimu." Karibu futi sita. Ukijengwa hivyo, mjukuu wa darasa la sita atamsukuma peke yake. Ukiwa mfupi, watahitajika watu wazima wawili, na mwalimu atabaki kusubiri watu. Tumekubaliana ufuate ukuta, usiingie njiani.

Chooni vilevile. Fundi alishaanza kutoboa upande wa kulia kwa sababu ukuta wa huko ni imara. Mwalimu akaomba chaki, akakaa kwenye kiti chake cha choo, akanyoosha mkono wa kushoto na kupiga mstari pale unapofika bila kujikunja. Bomba la kushikia litakaa hapo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Lakini kuna ofisi moja hapa mjini ambako mwalimu huyuhuyu hutiwa saini karatasi zake akiwa nje juani, kwa sababu ya ngazi tatu. Jambo hilo linanikera kila nikilikumbuka. Kama mtaa umepata saruji, ofisi inashindwaje?

Saa 9. Kwa mweka hazina wetu, dada fundi cherehani anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Wageni hudhani kikundi kipo ili kumsaidia yeye. Ukweli ni kwamba bila yeye michango isingekusanyika. Tumejaza fomu za mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Yeye na wenzake wanataka vyerehani viwili zaidi. Kisha tukahesabu hela ya zege. Inatosha.

Saa 12 jioni. Vijana wa maskani wamekubali kubeba mchanga kesho asubuhi. Fundi anasema zege lazima limwagiliwe maji siku saba kabla ya kupitishwa uzito, kwa hiyo Ijumaa hii mwalimu bado atabebwa. Nimempigia kumweleza. Ameuliza kama zege litamwagiliwa asubuhi au jioni, akasema kazi hiyo ataisimamia mwenyewe.