Mlio Uliokuwa Unapanda

Msimu wa korosho wa mwaka 2019 nilimtukana mtu nisiyemjua siku tatu mfululizo. Nilimwita mzembe, nikasema kapewa mtambo kabla ya kupewa akili. Matusi yote niliyatolea juu ya paa la shangazi, Shangani, Mtwara mjini, nimeshika antena mkononi kama mtu anayevua samaki angani.

Antena ile niliikata kutoka kwenye futi ya chuma ya fundi seremala, vipande nikavifunga kwenye bomba la plastiki la maji. Namba za sentimita zilikuwa bado zinasomeka. Kwa antena hiyo nilikuwa naisikiliza AO-7, setilaiti ya watu wa redio ya ridhaa, wanaotuma na kupokea kwa kupenda tu, iliyorushwa Novemba 1974. Mwaka 1981 betri zake zilikufa, watu wakaihesabu maiti. Juni 2002 ikasikika tena, na tangu hapo inaishi kwa jua tu: ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazimika, ikitoka inaamka. Mimi nilizaliwa ikiwa imekufa, ndiyo maana naipenda.

Transponda yake, yaani chombo kinachopokea sauti na kuirusha tena chini, inapokea kwenye masafa ya megahezi 432 na kushusha kwenye 145, tena inageuza. Ukituma kwenye 432.150 unasikika kwenye 145.950, ukipandisha huku, kule unateremka. Katikati hapo ndipo palipokuwa na mlio. Mrefu, haupumui. Watu waliokuwa wakizungumza pembeni walififia, maana nguvu ya setilaiti ni ya kugawana, na mlio usionyamaza unakula fungu lake na la wenzake. Nilimsikia jamaa wa Afrika Kusini akiuliza kwa hasira ni nani huyo aliyeweka bikoni humu, mtambo unaotuma mlio wenyewe bila mtu. Nikamuunga mkono kwa moyo wote.

Jioni ya siku ya tatu nikampigia Babu. Si babu yangu wa damu. Ni mzee wa Mikindani, hapo jirani, aliyewahi kuwa opereta wa redio melini, na leseni ilikuwa ya kwake. Tangu kimbunga Kenneth kilipotupita Aprili na kuipiga Msumbiji, alikuwa na hamu ya kujua mawimbi ya redio yanafika wapi juu ya bahari.

"Shikamoo Babu. Kuna mjinga kaweka bikoni kwenye setilaiti."

"Marahaba. Mlio wake unapanda au unashuka?"

Sikuwa nimejiuliza. Nikafikiri kidogo. "Unapanda."

"Basi hautoki kwenye setilaiti. Unatoka chini huku."

Kitu kinachotuma chenyewe kutoka angani hushuka mlio kinapokupita, kama honi ya lori barabarani. Lakini sauti inayotoka ardhini inabadilika mara mbili, ikienda juu na ikirudi. Badiliko la kwenda, kwenye 432, ni kubwa mara tatu hivi kuliko la kurudi, na transponda ikishaligeuza linalishinda hilo la pili. Hivyo mlio unapanda, tena kilohezi kadhaa.

"Sasa setilaiti ikija tena," akasema, "angalia saa. Niambie mlio unapanda kwa kasi zaidi dakika gani."

Ikaja. Dakika ilipokuwa juu yangu kabisa, ndipo mlio ulipokimbia kuliko wakati mwingine wote. Na mlio hukimbia hivyo setilaiti ikimpita karibu anayetuma. Angekuwa mtu wa Johannesburg, kwake setilaiti ingekuwa imeshapita au bado haijafika karibu, na mambo hayo mawili yasingeangukia dakika moja. Nikatazama upande wa Mikindani. Jasho likanitoka, na jua lilikuwa limeshaanza kupoa.

Kwa sababu bikoni ya karibu niliyoijua ilikuwa moja tu. Niliitengeneza mimi, ya wati mbili, tukaiweka juu ya paa la Babu ili watu wa Komoro wakiisikia wajue njia ya mawimbi ya redio juu ya bahari imefunguka. Jina la kituo nilikuwa nimelipanga litoke kila baada ya dakika kumi, haraka haraka, na mara zote lilitoka setilaiti ikiwa imefifia au mimi nikiwa natukana.

Nikampigia tena huku nasikiliza. "Babu, hebu ing'oe ile bikoni kwenye umeme."

Nikasikia kandambili zake zikiburuta sakafuni. Mlio ukakatika. Sauti za watu zikajitokeza, moja baada ya nyingine.

"Irudishe." Mlio ukarudi.

Kimya kidogo kwenye simu. "Si ulisema umeangalia mpango wa masafa?"

Nilisema. Sikuwa nimeangalia. Bikoni za ardhini zina sehemu yao, 432.400 hadi 432.490, na mimi nilichukua 432.150 kwa sababu ni rahisi kukumbuka.

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Kesho uje, utaomba radhi kwa mdomo wako." Kesho yake nikakaa mbele ya redio yake, nikamwita yule jamaa wa Afrika Kusini, nikajieleza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. Alicheka sana. Akauliza bikoni ilikuwa na wati ngapi.

"Mbili," nikamjibu.

Akaniambia ilikuwa inasikika vizuri kuliko mimi.