Nilivyomwona Khadija Kopa jukwaani

Sisi mashabiki wa taarabu tulioko mikoani tunaijua hali hii: wimbo umeushika beti kwa beti, unajua gitaa la solo litaingia wapi, lakini mwimbaji mwenyewe hujawahi kumtia machoni ila kwenye simu. Nimeishi hivyo miaka mingi. Nimekuja kumwona Khadija Kopa ana kwa ana, na kwa kuwa wenzangu wananiuliza nilifanyaje, naeleza yote.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Mapenzi haya nimeyarithi kwa marehemu mama. Miaka ya 1990, vikundi viwili vya muziki, TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano, walipokuwa wakirushiana mipasho, nyumba nyingi ziligawanyika. Kwetu mama alikuwa wa TOT kwa sababu ya Khadija, shangazi alikuwa wa Muungano kwa sababu ya Nasma Khamis, na redio ilikuwa moja. Ukipigwa wimbo wa Khadija, mama anaongeza sauti na kusimama katikati ya ua, kanga kiunoni, anamwimbia shangazi kila neno. Shangazi naye anangoja zamu yake. Hawakugombana hata siku moja. Jioni wanakula sinia moja.

Mama alikuwa akisema Khadija halimezi neno. Nimekuja kuelewa baadaye. Khadija ametokea Zanzibar, kwenye kikundi cha Culture Musical Club, taarabu ya fidla na ala ya nyuzi iitwayo kanuni, ambako mshairi anaheshimiwa na mwimbaji lazima kila silabi imfikie msikilizaji wa nyuma kabisa. Alipohamia bara kwenye mipasho ya kinanda na magitaa, akaja na ule utamkaji. Ndiyo maana mpasho wake unachoma: unausikia wote, hakuna pa kusingizia hukuelewa.

Mama alifariki bila kumwona. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikafungua fremu yangu, na kila tangazo la onyesho la Dar lilipita nikiwa na ada ya mtoto au kodi ya pango. Kilichobadilisha mambo ni binti yangu, Rehema, ambaye sasa ana miaka 19. Yeye ni wa Zuchu, mwimbaji wa Bongo Fleva. Mwaka 2020 Zuchu alipotoa Mauzauza akiwa na mama yake mzazi, Rehema akanijia mbio dukani: "Mama, kumbe huyu ndiye Khadija Kopa wako?" Nikamwambia ndiye. Tangu siku hiyo tukawa wawili kwenye jambo hili, na wawili mnasukumana.

Fedha nilizipata kwenye mchezo, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu. Nilimwomba kijumbe, yaani mwenye kuusimamia mchezo, zamu yangu iangukie mwezi ambao tulisikia Khadija atapanda jukwaani Magomeni, Dar, naye akakubali kunibadilishia na mwenzangu. Baba Rehema nilimweleza mapema, tena nikiwa na mpango kamili: tunalala kwa dada yake Manzese, tunarudi kesho yake. Mume ukimpelekea jambo likiwa limepangwa, hana la kukataa. Akaongeza na nauli.

Usafiri siku hizi si kikwazo. Treni ya SGR ilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida Morogoro hadi Dar ilikuwa shilingi 13,000, na safari haifiki saa mbili. Zamani ungeondoka asubuhi na basi, ufike umechoka, usiku wote unasinzia ukumbini. Sisi tulifika mchana, tukala kwa wifi, tukalala hadi magharibi. Kulala mchana ni lazima. Tangazo litasema saa mbili usiku, lakini saa mbili ni ya mafundi kujaribu spika. Waimbaji chipukizi wanatangulia, na mwenye usiku wake anapanda saa sita imeshapita.

Nguo nilishona mwenyewe, magauni mawili ya lesi ya zambarau, sare mama na mwana. Kwapani niliachia nafasi kubwa kuliko kawaida, maana taarabu haikai kwenye kiti: mtu anayekwenda kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji fedha, hunyanyua mkono juu na noti, anauzungusha, anatembea polepole. Gauni likibana, utatunza umekunja kiwiko.

Na hili la kutunza ndilo kiini cha yote. Anayesikiliza taarabu kwenye simu anasikia nusu. Nusu nyingine wanaiimba watu wa chini kwa miguu yao. Beti likimgusa mtu, anainuka, anapita katikati ya ukumbi ili anayehusika amwone, anafika mbele, anatoa noti huku amemgeukia fulani. Hajasema neno, lakini amesema. Nilimwona mama mmoja wa makamo akipita meza ya wanawake watatu bila kuwatazama, akatunza noti tano moja moja, akarudi kwa njia ileile. Meza nzima ilikuwa kimya. Dakika chache baadaye mmoja wao akainuka kujibu. Wimbo ulikuwa bado unaendelea.

Mimi nilikuwa nimevunja shilingi 50,000 kwa wakala wa simu tangu mchana, zikawa noti za elfu mbili mbili. Usingoje kutafuta chenji mlangoni, hutaipata. Noti ndogo zinakupa muda wa kukaa mbele, na muda ndio niliokuwa nautaka.

Alipopanda, ukumbi wote ulisimama. Mwili wake unatembea kidogo tu. Kazi inafanywa na uso na mkono ule usioshika maiki. Akifika kwenye neno lenye kijembe, anasimama kidogo kabla yake, anatazama watu, halafu analiachia. Kwenye redio sikuwahi kujua kama kuna kule kutazama.

Ulipoanza wimbo ambao mama alikuwa akiusimamia uani, nikamshika Rehema mkono tukaenda. Sikuwa na wa kumpasha. Nilitoa noti ya kwanza, akaipokea kwa vidole viwili bila kukatisha beti, akampa kijana wa nyuma yake. Nikatoa ya pili, ya tatu. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona jasho kwenye ukingo wa mtandio wake na hina iliyofifia kwenye kucha. Kufikia kiitikio nilikuwa nalia na naimba. Alinitazama, akasogea nusu hatua, akauimba ule mstari wa mwisho akiwa amenielekea mimi. Zile noti zote zilikuwa za mama, na nilimwambia Rehema hivyo pale pale, sikioni, kwa sauti ya juu kwa sababu ya spika.

Tulitoka karibu na alfajiri. Wifi alikuwa ametuwekea chai.

Wenzangu wa mchezo wameona picha, nao wanataka. Tumekubaliana kila zamu tutoe kidogo pembeni, kijumbe ashike, na Jumamosi hii wanakuja dukani kuchagua kitambaa cha sare. Mimi nitashona. Kwapa nitaachia.