Madume Wanne kwa Majike Tisa

Bombo, Jumapili usiku.

Leo asubuhi nilimkuta kware jike mmoja amejibanza kwenye kona ya banda, utosi wake umenyonyolewa manyoya hadi damu ikachuruzika, na lile dume kubwa kuliko yote likiwa bado linamwandama. Nilimtoa, nikamsafisha kwa maji ya chumvi, kisha nikaketi juu ya ndoo na kuhesabu kile ambacho kwa wiki tatu nimekuwa nikikwepa kukihesabu: majike tisa, madume wanne.

Dume mmoja hutosha majike watatu hadi watano. Kwa hiyo wawili walikuwa wa ziada, na nililijua hilo. Niliwabakiza kwa sababu mjukuu wangu aliwapa majina wangali vifaranga wa siku kumi, kabla ile rangi ya kutu haijajitokeza kifuani kuwatambulisha, na walipofika wiki ya saba, wakiwika na kutoa povu jeupe chini ya mkia, mimi sikuwa na ulimi wa kumwambia mtoto kwamba wawili ni wa chungu.

Kosa lililobaki ni la tamaa. Kwetu huku, karibu na ikweta, mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, ilhali kware hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Nilitundika balbu, nikawa naisahau ikiwaka hadi alfajiri. Mwanga ule ule unaomfanya jike atage ndio unaompandisha dume damu, nami niliwanyima hata giza la kupumzikia.

Mume wangu hushikilia kwamba dume mkali amezaliwa mkali. Huenda wapo wa namna hiyo, ila huyu wetu nilimtenga siku tano, na nilipomrudisha wenzake walimpokea kama mgeni, wakarukiana kichwani na machoni, vita ikawa mbaya kuliko ya awali. Sidhani kwamba hapo tatizo lilikuwa tabia yake.

Alasiri mzee alichinja wawili, akiwamo huyo mkubwa. Nyama ya kila mmoja haikujaza kiganja. Banda nimeligawa kwa wavu, kila upande dume mmoja na majike wanne, na nimelaza vikapu vikuukuu ubavuni ili jike anayefukuzwa apate pa kujificha. Majeruhi yuko kwenye kitundu chake kando ya wavu, waendelee kuonana, asije akawa mgeni siku ya kurudi.

Mjukuu aliuliza ni wawili gani. Nilimtajia. Alikula posho na maharage, nyama hakuigusa, kisha akaenda kumchungulia majeruhi kwa tochi, nikamwomba aizime.

Ni saa tatu. Balbu nimekwisha kuizima.